Ushairi wa kughani wakutana na jazi: Sauti za wapenzi wa jinsia moja kutoka mitaa ya Eastlands

MTAA wa Mbotela, ulio katika eneo la Makadara upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, si miongoni mwa sehemu zinazotajwa haraka watu wanapozungumzia muziki wa jazi. Muziki huo, katika fikira za wengi, ni wa hoteli kubwa na bustani za mitaa ya kifahari, na tikiti zake si za mtu anayeishi kwa kijungujiko.

Hata hivyo, ni katika mitaa ya aina hii, Mbotela pamoja na jirani zake Kaloleni, Makongeni, Maringo na Jericho, ambako lugha inayosikika leo katika majukwaa ya ushairi ya Nairobi ilikulia. Sheng haikuzaliwa Muthaiga.

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa vijana wa mitaa hii wamekuwa wakiabiri matatu kwenda katikati ya jiji kughani mashairi yao mbele ya umati. Baadhi yao huandamana na wapiga ala. Na miongoni mwao wamo wapenzi wa jinsia moja, ambao kwao kuuoanisha ushairi na jazi inayobuniwa papo hapo si pambo la jukwaani tu. Ni njia ya kusema jambo ambalo likitamkwa waziwazi kwenye ploti laweza kumgharimu mtu chumba, kazi na hata maisha.

Ni sanaa gani hii, na kwa nini iwafae watu hao kuliko nyingine? Jibu linahitaji kuanzia mbali kidogo.

Jina lenyewe la Mbotela lina historia ya maneno na hatari zake. Mtaa huo ulipewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, aliyeuawa jijini Nairobi mnamo Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Ukoo wa Mbotela ulitoka Frere Town, Mombasa, makazi ya watumwa walioachiliwa huru. Ni ukoo huo uliowapa wasomaji wa Kiswahili kitabu ‘Uhuru wa Watumwa’ cha James Mbotela mwaka wa 1934, na ukawapa wasikilizaji wa redio Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025 baada ya kuwauliza Wakenya kwa miongo kadhaa katika kipindi chake: Je, Huu ni Ungwana?

Mitaa ya Waafrika iliyojengwa Eastlands enzi za ukoloni ilikusudiwa hasa wanaume wafanyakazi walioacha wake na watoto mashambani. Serikali haikutaka familia mjini. Vyumba vilikuwa vidogo na mara nyingi watu wasio na udugu walilala chumba kimoja. Huko Pumwani, kama alivyoonyesha mwanahistoria Luise White katika kitabu chake cha 1990, ‘The Comforts of Home’, wapo wanawake waliojenga nyumba na kuzimiliki wakiwa hawana waume. Anayedai kwamba Eastlands ilianzishwa kwa misingi ya baba, mama na watoto chini ya paa moja ana kazi ya kuthibitisha dai hilo.

Jazi ni ipi?

Neno jazi lina utata wake katika Afrika Mashariki. Wazee waliosikiliza Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz au, huku Kenya, Shirati Jazz ya D.O. Misiani, wanajua kwamba bendi hizo hazikupiga jazi ya Marekani. Zilipiga muziki wa dansi wa magita, na neno hilo lilikuwa ishara ya usasa. Kwa hiyo mkazi wa Mbotela anapoambiwa kuna jazi, huenda akili yake ikaenda kwa benga kabla ya kwenda kwa saksofoni.

Jazi inayozungumziwa hapa ni ile iliyoanza miongoni mwa Wamarekani weusi, mjini New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Msingi wake ni ubunifu wa papo kwa papo. Wapigaji hukubaliana kuhusu wimbo, mpangilio wa sauti zake na kasi ya mapigo. Wakishaupiga wimbo huo mara moja jinsi unavyojulikana, kila mmoja hupewa zamu ya kuuacha na kubuni sauti zake juu ya mpangilio uleule. Hakuna anayejua hasa mwenzake atapiga nini. Anachojua ni wapi watakutana tena.

Mzoefu wa Kiswahili hawezi kushangazwa na jambo hilo. Katika taarabu, mpiga fidla au udi hutangulia na taksimu, kipande kisicho na mapigo maalumu ambacho hubuniwa papo hapo ili kuiandaa sikio kwa wimbo. Katika malumbano ya washairi, mmoja hutupa hoja na mwenzake humjibu kwa vina vilevile. Na Mombasa imeshuhudia ushirikiano wa mtunzi na mwimbaji katika Ahmad Nassir, mtunzi wa ‘Malenga wa Mvita’, na jamaa yake Juma Bhalo, aliyeimba mashairi hayo hadi yakajulikana na watu ambao hawajawahi kufungua diwani.

Tofauti ni kwamba katika taarabu maneno huwa yamekwisha kutungwa na muziki huyafuata. Katika sanaa inayozungumziwa hapa, mshairi naye ni mmoja wa wapigaji. Aweza kurefusha mstari, kuukata, kuurudia mara tatu au kuuacha kabisa kwa sababu ya jambo alilosikia likipigwa na mwenzake.

Mizani na mapigo

Wapo wanaosema Kiswahili hakikubaliani na jazi. Dai hilo ni la mtu asiyehesabu.

Chukua mshororo wa kawaida wa tarbia, wenye mizani 16 iliyogawanywa vipande viwili vya nane nane. Kwa mfano, mshororo uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya tu: Nilikuona dukani, taa zilipozimika. Jazi nyingi huwa na mapigo manne katika kila kipimo. Ukiweka silabi mbili katika kila pigo, kipande kimoja cha mizani nane kinajaza kipimo kimoja barabara, na mshororo mzima unajaza vipimo viwili.

Kuna jambo zaidi. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kipande cha mizani nane, silabi hiyo ni ya saba, na silabi ya saba huangukia mwanzo wa pigo la nne: ‘ka’ katika dukani, ‘mi’ katika zilipozimika. Sasa, wapenzi wa jazi hupiga makofi kwenye pigo la pili na la nne, si la kwanza na la tatu kama ilivyo kwa muziki wa gwaride. Kwa maneno mengine, mkazo wa kipande cha shairi la Kiswahili huja pale pale ambapo jazi nayo huweka uzito, na kina chenyewe hufuata nusu pigo baadaye, kikimalizia kipimo.

Muziki wa bluzi, ambao ni mama wa jazi, huwa na vipimo 12 vilivyogawanywa mafungu matatu ya vipimo vinne. Mwimbaji huimba karibu vipimo viwili vya kila fungu, kisha ala humjibu katika viwili vinavyobaki. Mshairi akileta tathlitha, yaani ubeti wa mishororo mitatu, kila mshororo huchukua vipimo viwili na kuachia saksofoni viwili vya kujibu. Unakaa kama kifuniko juu ya chungu chake. Akileta tarbia na kuighani bila kupumzika, mishororo yake minne humaliza vipimo vinane, na vinne vya mwisho hubaki vitupu.

Vipimo hivyo vinne vitupu ndiyo sehemu inayovutia. Msikilizaji aliyezoea ubeti ukamilike na kibwagizo husikia kimya cha maneno na sauti ya tarumbeta mahali ambapo jambo lilipaswa kusemwa. Mshairi anayejua kazi yake huutengeneza ubeti ili jambo lisilosemeka liangukie hapo.

Washairi wengi wa Nairobi, bila shaka, hawaghani kwa mizani ya kimapokeo. Hutumia mashairi huru, Sheng na Kiingereza, na mdundo wao umetokana zaidi na rapu ya miaka ya 1990, wakati kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilipoonyesha kwamba Kiswahili cha mtaani chaweza kubeba hoja nzito. Hata hivyo mkazo wa Kiswahili haumtoki mtu kwa sababu ameacha vina. Sikio la mpiga ngoma hulitambua.

Tukirudi kwenye majukwaa yenyewe, historia yake haihitaji maelezo marefu. Jarida la Kwani?, lililoanza mwaka wa 2003, liliandaa jioni za kughani ambako yeyote aliweza kujiandikisha na kupanda. Tangu 2006 British Council ilikuwa na WAPI, mkusanyiko wa vijana wa rapu, michoro na ushairi. Yakafuata mashindano ya Slam Africa. Sitawa Namwalie, kwa upande wake, aliyaweka mashairi yake katika mchezo wa jukwaani, ‘Cut Off My Tongue’, yakaghaniwa na waigizaji kadhaa kwa kuandamana na muziki. Jazi nayo ilipata umaarufu mpya kuanzia 2014, kampuni ya Safaricom ilipoanza tamasha lake la kimataifa, ambalo mapato yake yalisaidia mradi wa Ghetto Classics wa kuwafunza watoto wa Korogocho kupiga ala. Baadhi ya tarumbeta za Nairobi leo zinapulizwa na vijana waliozijua kwa njia hiyo.

Si kila shairi linalosomwa huku saksofoni ikilia nyuma ni mchanganyiko wa sanaa hizi mbili. Mara nyingi, na hili lazima lisemwe, mshairi husoma alichokariri, bendi hupiga ilichokariri, na hadhira hupiga makofi kwa kuwa vyote viwili vimekwisha kwa wakati mmoja. Kipimo ni rahisi: Je, shairi lingebadilika kama bendi ingekuwa nyingine?

Mpenzi asiye na jinsia

Kiswahili kina sifa moja ambayo mshairi mpenda jinsia yake huigundua mapema. Hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viambishi. ‘Alikuja’, ‘nampenda’, ‘mikono yake’, ‘yeye’: hakuna hata kimoja kinachofichua. Mshororo wa dukani uliotajwa hapo juu waweza kuwa wa mvulana kwa msichana, wa msichana kwa msichana, au wa muuza duka anayemwona mwizi. Mshairi wa Kiingereza hulazimika kuchagua kiwakilishi na, akikwepa, ukwepaji wake huonekana. Wa Kiswahili aweza kughani beti kumi za mapenzi mbele ya mjomba wake na asiulizwe swali.

Isitoshe, ushairi wa mapenzi wa pwani tangu jadi umejengwa kwa mafumbo: ua, njiwa, tausi, chombo baharini. Mpenzi hatajwi, hufumbwa. Msikilizaji wa taarabu hujua kwamba wimbo una mlengwa, na huenda mlengwa yumo ukumbini, lakini adabu ni kutomnyoshea kidole. Mwenye jambo la siri amekuwa na hifadhi katika lugha hii kwa muda mrefu.

Sheng huivunja hifadhi hiyo. Mara tu mshairi wa Mbotela anapotumia ‘dem’ au ‘manzi’, jinsia imetoka nje. Ndipo linapozuka swali ambalo washairi hawa hawalijibu kwa namna moja: Je, abaki katika Kiswahili kinachomfunika, au aingie katika lugha ya mtaa wake na ajulikane? Wapo wanaoona kufunikwa ni hekima ya wazee. Wapo wanaoona ni jela yenye mapazia mazuri. Pande zote mbili zina hoja, na mashairi mazuri huenda yakatoka kwa yule ambaye hajaamua.

Hata jina la watu wenyewe ni tatizo. Kwa wanawake wa pwani, ‘shoga’ ni rafiki wa karibu wa kike, na mama aweza kumwita jirani yake hivyo kutwa nzima. Neno hilohilo likirushwa kwa kijana wa kiume kituoni cha matatu, ni tusi na pengine ni ishara ya kipigo. ‘Msagaji’ halina hata upande wa urafiki. Nchini Uganda wahusika walijichagulia ‘kuchu’. Wengine hutumia neno la Kiingereza lililokuwa tusi na ambalo wenyewe walilitwaa wakaligeuza kuwa jina. Magazeti huandika ‘wapenzi wa jinsia moja’, maneno sahihi lakini ambayo hakuna anayeweza kuyaimba.

Hapa jazi hutoa msaada ambao kamusi haina. Mshairi hufika mahali pa jina, hunyamaza, na tarumbeta hujaza. Usiku mmoja sauti yaweza kuwa ya kicheko, usiku mwingine ya kilio, kwa kuwa mpigaji hubuni kulingana na alivyosikia. Jina hilo basi halijakamilika, na pengine halihitaji.

Waliotangulia

Haya hayakuanza Nairobi. Langston Hughes, mshairi wa Harlem aliyechapisha ‘The Weary Blues’ mwaka wa 1926, alitumia mdundo wa bluzi katika beti zake tangu ujana. Mwaka wa 1958 alirekodi santuri akisoma mashairi yake, upande mmoja akiwa na kundi la Leonard Feather na upande wa pili na la Charles Mingus. Miaka minne baadaye, Juni 1962, Hughes alikuwa Makerere, Kampala, katika kongamano la waandishi wa Afrika ambako alikuwapo pia mwanafunzi mmoja kutoka Limuru aliyeitwa wakati huo James Ngugi.

Maisha ya mapenzi ya Hughes yamezozaniwa na waandishi wa tawasifu zake hadi leo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakusema. Mwaka wa 1989 Isaac Julien, mwelekezi wa filamu kutoka Uingereza, alitoa ‘Looking for Langston’, filamu inayowatafakari wanaume weusi waliopendana katika Harlem ya zama hizo, na ambayo ndani yake mashairi ya Essex Hemphill yanasomwa. Wasimamizi wa mirathi ya Hughes hawakuridhika. Filamu ilipoonyeshwa New York, sauti ilipunguzwa pale mashairi ya Hughes yalipofikiwa, hadhira ikabaki kumtazama mshairi akifungua kinywa bila kusikika.

Wakati Hughes akinyamaza, Billy Strayhorn, mtunzi wa ‘Take the A Train’ na msaidizi mkuu wa Duke Ellington, aliishi bila kuficha kwamba alipenda wanaume. Wanaomjua kwa nyimbo ni wengi kuliko wanaomjua kwa jina, na waandishi wa maisha yake wameona uhusiano kati ya mambo hayo mawili: mtu aliyetaka kuishi wazi katika miaka ya 1940 alikubali kusimama kivulini mwa mwingine.

Aliyefika mbali zaidi katika kuunganisha ushairi na ubunifu wa papo kwa papo ni Cecil Taylor, mpiga piano wa New York aliyezaliwa 1929 na kufariki 2018. Taylor aliingia jukwaani akighani na kucheza kabla ya kugusa kinanda, na mwaka wa 1987 alirekodi ‘Chinampas’, kazi ambayo ndani yake hakupiga piano hata kidogo; ni sauti yake, mashairi yake na ala za kugonga. Mwandishi mmoja alipotangaza hadharani miaka ya 1980 kwamba Taylor alipenda wanaume, msanii huyo hakukana, ila hakupenda kufungiwa katika neno moja. Msimamo huo ungeeleweka vyema na mshairi wa Kiswahili mwenye ‘yeye’ yake.

Karibuni zaidi, Meshell Ndegeocello, mpiga besi, alitoa mwaka wa 2024 albamu ya kumkumbuka mwandishi James Baldwin, akimshirikisha Staceyann Chin, mshairi wa jukwaani mzaliwa wa Jamaica. Wanawake hao wawili hawajawahi kuficha kwamba hupenda wanawake. Mapema 2025 albamu hiyo ilishinda tuzo ya Grammy ya jazi mbadala. Jamaica, ikumbukwe, ilirithi kutoka kwa Mwingereza sheria zinazofanana sana na za Kenya.

Sura iliyopotea ya Binyavanga

Mfano wa Kenya ulio karibu zaidi na sanaa hii haukuwa shairi, wala haukuwa na bendi. Januari 2014 Binyavanga Wainaina, mshindi wa Tuzo ya Caine ya 2002 na mwanzilishi wa Kwani?, alichapisha insha fupi aliyoiita sura iliyopotea ya kumbukumbu zake za 2011. Ndani yake anamwambia mama yake, aliye kitandani hospitalini, kwamba yeye ni mpenda wanaume. Kisha anaugeuza mkondo na kueleza kwamba hayo hayakutokea: mama alifariki Julai 2000, mwana akiwa Afrika Kusini, na neno hilo halikusemwa.

Anayesikiliza jazi ataitambua mbinu hiyo. Tukio ni moja, mpangilio wake hauwezi kubadilishwa, mama amekufa. Mwandishi hulirudia kwa namna lilivyotamaniwa, kisha kwa namna lilivyokuwa, na maana huzaliwa katika pengo kati ya hizo mbili. Insha hiyo ilisomwa kwa sauti katika vikao vingi na haikupoteza kitu, kwa kuwa iliandikwa na mtu aliyezoea majukwaa. Binyavanga alifariki Mei 2019.

Siku tatu baada ya kifo chake, tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu ilikataa ombi la kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 162 hutoa adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile sheria inachokiita maingiliano kinyume na maumbile, na cha 165 miaka mitano kwa wanaume. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba muungano wa kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja usinyimwe usajili, uamuzi uliozusha maandamano na lawama kutoka kwa viongozi wa makanisa na misikiti. Mwaka huohuo Mbunge wa Homa Bay Mjini Peter Kaluma aliandaa mswada wa kuongeza adhabu.

Pingamizi hizo hazitoki kwa wanasiasa peke yao. Mkazi wa kawaida wa Eastlands ambaye Jumapili huenda kanisani au Ijumaa msikitini huamini kwa dhati kwamba jambo hili ni dhambi, na wengine huongeza kuwa limeletwa kutoka Ulaya. La dhambi ni suala la imani yake. La kuletwa ni gumu kulitetea: vifungu vilivyotajwa ndivyo vilivyoletwa na Mwingereza, ilhali maneno ya Kiswahili ya kuwataja watu hao hayakuja kwa meli hiyo.

Ikumbukwe kwamba sheria huadhibu tendo, si shairi. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 hulinda uhuru wa kujieleza na kinautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Hata hivyo Oktoba 2014 Bodi ya Kuainisha Filamu ilipiga marufuku ‘Stories of Our Lives’, filamu ya kundi la Nest iliyotokana na simulizi za Wakenya wapenda jinsia yao, na mwaka wa 2018 ikafanya vivyo hivyo kwa ‘Rafiki’ ya Wanuri Kahiu, kabla ya jaji kuiruhusu kwa siku saba mwezi wa Septemba. Wimbo wa kundi la Art Attack ulikuwa umepigwa marufuku 2016.

Na mtaani hakuna anayengoja bodi. Shirika la Human Rights Watch lilieleza katika ripoti ya Septemba 2015 jinsi makundi ya watu yalivyowavamia wapenzi wa jinsia moja katika pwani ya Kenya tangu 2008, ikiwemo Mtwapa mwaka wa 2010. Katika ploti ya Eastlands, ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili na bomba la maji hutumiwa na wote, uvumi hauhitaji siku mbili.

Ndiyo sababu mshairi kutoka Mbotela hughani Alliance Française, Goethe-Institut au PAWA254, na si katika ukumbi wa kijamii ulio umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwao. Si kwamba mtaa hauna masikio. Ni kwamba una masikio yanayomjua kwa jina la babake. Hasara ni ya pande mbili, kwa kuwa hadhira anayoipata jijini hucheka mahali pasipo na kichekesho na huukosa ufundi wa Sheng yake, na wenzake wa Barabara ya Jogoo hawajui kwamba kuna mtu anayeisarifu lugha yao kwa ustadi huo.

Ubunifu wa papo kwa papo una faida nyingine ambayo historia ya Kenya huielekeza. Novemba 1977 leseni ya mchezo wa ‘Ngaahika Ndeenda’ wa Ngugi wa Thiong’o na Ngugi wa Mirii ilifutwa, na jukwaa la Kamiriithu likanyamazishwa. Mchezo una hati, na chenye hati huweza kuitishwa, kusomwa na kukataliwa. Filamu ina nakala. Shairi linalobuniwa pamoja na besi na ngoma halina cha kuwasilishwa ofisini. Limekwisha kabla mtu hajajua alipaswa kukasirishwa na mstari upi.

Lakini kinachomkimbia mpiga marufuku humkimbia pia mhifadhi. Santuri ya Hughes na Mingus ya 1958 bado inachapishwa na kuuzwa, na ‘Chinampas’ ya Taylor inasikika kwa yeyote anayeitafuta. Usiku wa Nairobi ambao mshairi alinyamaza kwa vipimo vinne, na tarumbeta ikalitaja jina ambalo yeye hakuthubutu kulitaja, hubaki katika simu za waliohudhuria, kama zimebaki. Katika vikao vya aina hii waandaaji mara nyingi huwaomba watu wasirekodi wala kupiga picha, na simu huingia mifukoni kabla ya mpiga besi kuanza kuhesabu hadi nne.